Mbolea ya Amonia Ghalani, na Yaliyoupata Mji wa West

(Hotuba iliyosemwa mbele ya mkutano wa makarani wa maghala ya vyama vya ushirika na wenye maduka ya vifaa vya kilimo. Imechapishwa kama ilivyosemwa.)



Nimeombwa nieleze habari za kuweka mbolea, na najua ya kuwa baadhi yenu mmekwisha kuuliza kimoyomoyo, "Kuna nini la kusemwa juu ya kuweka mbolea? Gunia si gunia?" Mimi mwenyewe nilikuwa na mawazo hayo kwa miaka mingi. Niliiona mbolea kuwa kitu kizito, kimya, kisichooza upesi kama mbegu wala kuibwa kwa urahisi kama dawa ya ng'ombe. Kwa hiyo niliiweka mahali popote palipobaki nafasi, na mara nyingi mahali palipobaki palikuwa karibu na mapipa ya mafuta ya taa. Leo nikikumbuka jambo hilo nasikia baridi mwilini.

Basi sitaanza na kanuni. Kanuni mnazo, zimebandikwa ukutani, na vumbi limeziziba. Nitaanza na habari za mji mmoja mdogo.

Mji huo unaitwa West. Uko katika jimbo la Texas, nchi ya Marekani, na ingawa jina lake kwa Kiingereza maana yake ni magharibi, mji uko katikati ya jimbo. Jina ni la bwana mmoja aliyekuwa mkuu wa posta wa kwanza wa pale. Mwaka 2013 watu wake walikuwa wapata 2,800, nao wengi walijuana kwa majina. Kando ya mji palikuwa na kampuni iliyoitwa West Fertilizer, ambayo kazi yake ilikuwa kuwauzia wakulima wa jirani mbegu, chakula cha mifugo na mbolea. Mkulima alikuja na gari lake, akapakia alichotaka, akaongea kidogo habari za mvua, akaenda zake. Nawaambia haya ili msidhani ya kuwa nasema habari za kiwanda kikubwa chenye mabomba marefu ya moshi. Nasema habari za duka kama lenu na langu.

Ghala lile lilijengwa mwaka 1962, na wakati huo lilizungukwa na mashamba. Lakini miji haikai mahali pamoja. Baada ya miaka kupita ikajengwa nyumba ya kutunzia wazee, ikajengwa nyumba ya ghorofa ya kupangisha, zikajengwa shule, na vyote vilikuwa karibu na ghala. Mji ndio uliolifuata ghala, wala hakuna mtu aliyesimama akauliza kama ujirani huo unafaa.

Katika kampuni ile palikuwa na amonia ya namna mbili. Ya kwanza ilikuwa gesi iliyoshindiliwa mpaka ikawa maji, ikawekwa katika matangi ya chuma. Wakulima wa Marekani huichoma ndani ya udongo kwa mashine. Ya pili ilikuwa nitreti ya amonia, yaani mbolea ya chembechembe nyeupe, ambayo mtu akiiona anaweza kuidhania kuwa chumvi ya mawe. Hiyo haikuwa katika magunia. Ilimwagwa tu katika vizimba vya mbao, ndani ya jengo la mbao, na katika jengo lilo hilo mlikuwa na chumba cha mbegu.

Siku ya Jumatano, tarehe 17 Aprili 2013, saa 1 na dakika 29 za jioni, habari zilifika kwa wazima moto ya kuwa ghala linaungua. Wazima moto wa West hawakuwa watu wa mshahara. Walikuwa watu wa kujitolea, wenye kazi zao za mchana, na saa hiyo wengi walikuwa nyumbani kwa chakula cha jioni. Waliacha chakula wakaenda. Wakavuta mipira yao ya maji wakaanza kupigana na moto. Watu wengine wa mji wakaja kusaidia, na wengine wakasimama mbali kidogo wakitazama.

Ilipofika saa 2 kasoro dakika 9, yaani dakika 22 tu tangu habari ya kwanza, mbolea ile ya chembechembe ililipuka. Watu 15 walikufa, na 12 kati yao walikuwa watu waliokwenda kuuzima moto au kuwasaidia wenzao. Watu wapata 260 waliumia. Majengo zaidi ya 150 yaliharibika. Wazee zaidi ya 100 ilibidi watolewe katika nyumba yao iliyovunjika madirisha na dari. Shule zilizokuwa karibu zilibomoka vibaya, lakini watoto walikuwa wamekwisha kwenda makwao. Mnaweza kuwaza wenyewe ingalikuwaje kama saa ile ingalikuwa saa 4 ya asubuhi. Mahali lilipokuwa ghala palibaki shimo, upana wake wapata mita 28.

Sasa nataka mnisikilize kwa makini. Mbolea iliyolipuka inakadiriwa kuwa tani 30. Hesabuni kwa magunia ya kilo 50: ni magunia 600. Lori moja lenye tela likitoka Mombasa limebeba kiasi hicho, na karani wa chama akilipokea husema kwamba safari hii mbolea haitatosha.

Na jambo la pili ni hili. Matangi ya gesi, ambayo kila mtu aliyaogopa, hayakupasuka. Yalisimama pale pale, gesi ikiwa ndani. Karatasi za hatari ambazo kampuni ilipeleka Serikalini zilieleza habari za gesi. Mwaka 1985 wakaguzi wa kazi walipofika huko walitoza faini ya dola 30, na ilikuwa kwa sababu ya gesi. Mbolea ya chembechembe haikuogopwa na mtu, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameishika kwa mikono yake. Mara nyingi ndivyo tulivyo sisi binadamu: tunachokiona kila siku hatukitazami.

Moto wenyewe ulianzaje? Tume ya Serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilitoa taarifa yake mwaka 2016, na haikuweza kusema kwa hakika chanzo chake. Mwaka uo huo wapelelezi wa idara nyingine walitangaza ya kuwa moto uliwashwa na mtu kwa makusudi, na watu wengi hawakukubaliana nao. Mimi sitaingia katika ubishi huo. Kwetu sisi watunza maghala swali kubwa ni lingine: kwa nini moto wa ghala, ambao ni jambo la kawaida duniani, uligeuka kuwa mlipuko wa kuangamiza mji?

Jibu liko katika tabia ya mbolea yenyewe. Moto wo wote huhitaji hewa. Ndiyo sababu ukiwaka mdogo jikoni twaufunika kwa gunia lililolowa, nao hufa. Lakini nitreti ya amonia ina hewa yake ndani yake, ile oksijeni inayolisha moto. Ukiifunika, bado inajilisha. Ikikaa peke yake, safi, kavu, katika gunia lake, ni kitu kipole. Ukiitupia kiberiti kitazimika. Lakini ikipata joto kali hubadilika. Kwenye joto la digrii 170 hivi huyeyuka kama mafuta ya mgando, na joto likizidi hutoa moshi wa rangi ya kahawia ambao ni sumu. Ikiwa imefungiwa mahali pasipo na njia ya kupumua, au ikiwa imechanganyika na vitu vinavyoungua, kama dizeli, vumbi la mbao, majani makavu, unga wa salfa, basi upole wake umekwisha. Kule West vizimba vilikuwa vya mbao, jengo lilikuwa la mbao, na mbegu zilikuwa mle mle. Kuni zilikuwa zimekwisha kupangwa miaka mingi kabla ya moto kuja.

Wala hii haikuwa mara ya kwanza duniani. Mwaka 1921, mahali paitwapo Oppau, nchi ya Ujerumani, mbolea iliyochanganywa ya salfeti na nitreti ya amonia ilikuwa imegandamana ikawa kama jiwe. Wafanya kazi walizoea kuivunja kwa baruti, na walikuwa wamefanya hivyo mara elfu nyingi bila ya dhara. Tarehe 21 Septemba mazoea yao yaliwaua watu zaidi ya 500. Mwaka 1947, katika bandari ya Texas City, meli iliyobeba mbolea hiyo iliwaka moto. Hawakutaka maji yaharibu shehena, basi wakafunga milango ya ghala la meli wakapeleka mvuke ndani. Mnaona kosa lao: waliifungia kitu chenye hewa yake. Watu wa mji walikuja kutazama moshi kwa sababu ulikuwa na rangi nzuri. Walikufa watu wasiopungua 581. Na habari za Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, nyote mliziona: tani 2,750 zilizosahauliwa katika ghala la bandari kwa miaka 6 hivi, na waliokufa walipita 200.

Lakini ngojeni, isiwe nawatia hofu bure. Mwaka 2009, katika mji wa Bryan, ambao pia uko Texas, ghala la mbolea ya namna hiyo liliwaka. Wakuu wa zimamoto walipojua kilichomo waliwarudisha watu wao nyuma, wakawaambia maelfu ya wenyeji waondoke, wakaliacha jengo liungue. Liliungua likaisha. Halikulipuka, na hakuna mtu aliyekufa. Ghala hujengwa tena.

Sasa tuje kwetu. Nimekwisha kusikia mtu mmoja pale nyuma akimwuliza jirani yake kama magunia yaliyo katika ghala lake ni mabomu. La, mzee wangu. Mbolea ya kukuzia ambayo wakulima wetu wa Trans Nzoia na Uasin Gishu huitia mahindi yakifika magotini, ile iitwayo CAN, ni nitreti ya amonia iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, na unga huo huipunguzia sana ukali wake. Nitrojeni yake ni sehemu 26 au 27 katika 100, wakati nitreti yenyewe, bila ya kuchanganywa, ina sehemu 34. Urea haina nitreti. Salfeti ya amonia vile vile haina. Kwa hiyo mtu asitoke hapa akaenda kumwaga mbolea ya chama mtoni. Atakuwa amefanya makosa mawili, kwani samaki na watu wa chini ya mto wana haki zao. Ninalosema ni kwamba kila moja ya mbolea hizi ina tabia yake, na anayeitunza imempasa kuijua tabia hiyo kama mchungaji anavyomjua fahali wake.

Niwape mfano uliotokea mbele ya macho yangu. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika ghala la chama kimoja ambacho sitakitaja jina. Paa lilikuwa likivuja pembeni, na kila mtu alilijua jambo hilo, na kila mtu alingoja mwingine alitengeneze. Siku moja tulipokea chokaa ya shambani, tukaipanga karibu na salfeti ya amonia, gunia juu ya gunia, kwa kuwa vyote viwili ni vya kutia udongoni na sisi tuliona ni ndugu. Mvua ikanyesha usiku mbili tatu. Magunia ya chini yakalowa, yakapasuka, na vitu hivyo vikachanganyika sakafuni.

Asubuhi tulipofungua mlango tulipigwa na harufu kama ya choo kilichofungwa mwezi mzima, bali kali zaidi. Chokaa ikikutana na mbolea ya amonia mahali palipo na majimaji huitoa amonia ikawa gesi. Sisi hatukulijua hilo. Tulimtuma kijana mmoja mpagazi aingie na koleo afagie. Hakukaa dakika tano. Alitoka akipapasa ukuta, macho ameyafumba, machozi yakimtiririka, anakohoa kama mwenye kifaduro. Mimi kwa ujinga wangu nilichukua kitambaa nikataka kumfuta macho. Mama mmoja, aliyekuja kununua mbegu za maharagwe, akanisukuma kando akasema, "Wewe mwanangu, utamtoa macho!" Akachukua mtungi wa maji ya kunywa, akamlaza kijana chini, akamfungua kope kwa vidole akamwagia, na akatuagiza tulete maji mengine, na mengine tena. Hatukujua alijifunza wapi. Yule kijana alipona, na leo ana wajukuu. Lakini tangu siku ile kila niingiapo ghalani natazama paa kwanza.

Gesi ya amonia hupenda maji kuliko kitu kingine. Ikikuta mtu hutafuta maji ya mwili wake: machoni, puani, kooni, kwapani penye jasho, na popote inapokutana na maji hayo huunguza. Kwa sababu hiyo dawa yake ya kwanza ni maji pia, maji mengi, safi, ya kumiminika, kwa muda wa dakika 15 wala si chini ya hapo, kope zikiwa wazi. Ndipo hospitali. Mtu asipake mafuta wala maziwa, wala asisugue. Ghala la mbolea lisilo na maji karibu na mlango halijawa ghala. Ikiwa hamna bomba, wekeni pipa lenye kifuniko, na mtu mmoja awe na kazi ya kulijaza, na watoto wa karani wasilinywe wala kulichezea.

Kuhusu gesi yenyewe ya matangi nitapita upesi, kwa kuwa wakulima wetu wengi hawaitumii shambani. Lakini hutumika katika mitambo mikubwa ya kugandisha barafu, na malori huibeba barabarani. Kwa hiyo ni vyema mjue. Katika Afrika yetu hii imekwisha kuua. Tarehe 13 Julai 1973, huko Potchefstroom, Afrika ya Kusini, tangi la kiwanda cha mbolea lilipasuka likatoa tani 38, na watu 18 walikufa. Tarehe 24 Machi 1992, katika kiwanda cha mafuta ya karanga mjini Dakar, nchi ya Senegal, tangi la lori lililokuwa limejazwa kupita kiasi, nalo lilikuwa limekwisha kutengenezwa kwa kuchomelewa, lilipasuka. Tani 22 zilitoka. Walikufa watu 129, na walioumia walipita 1,000. Tangi la gesi hii halijazwi kupita sehemu 85 katika 100, ili maji yake yakipanuka kwa joto la jua yapate nafasi, wala halichomelewi na fundi wa kando ya njia. Shaba na vyombo vya bati la zinki havifai kwake, kwani huviharibu. Na mkiiona gesi hiyo inatambaa barabarani kama ukungu mweupe, msikimbie inakoelekea upepo. Kateni upepo kwa upande, mkwee mahali pa juu. Na ikiwa hamwezi kutoka, ingieni nyumbani, fungeni milango na madirisha, mzibe pua kwa nguo iliyoloweshwa maji. Mwaka 2002, karibu na mji wa Minot, Marekani, matangi ya gari la moshi yalipasuka usiku wa baridi kali. Wengi waliojifungia ndani walisalimika, na mtu mmoja aliyejaribu kuikimbia gesi hiyo kwa gari alikufa nje.

Narudi ghalani, maana ndipo penye kazi yetu. Mzee mmoja aliniuliza mwaka jana, "Mwanangu, haya yote ni ya Wamarekani wenye fedha. Sisi chama chetu kina chumba kimoja. Tutajenga lingine kwa kitu gani?" Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya usalama haihitaji kujenga, yataka kuhamisha. Mafuta ya taa, dizeli, mapipa ya petroli ya pikipiki, mitungi ya gesi ya kupikia, yote yatoke humo, hata kama yatawekwa chini ya kibanda cha mabati nje. Sheria iliyotungwa Texas mwaka 2015, baada ya msiba wa West, inataka mita 9 hivi kati ya nitreti ya amonia na vitu vinavyoungua. Ninyi ambao chumba chenu hakina mita 9, vitoeni kabisa. Mrututu wa kunyunyizia kahawa nao usiwe jirani, kwa sababu shaba iliyomo huifanya nitreti kuwa nyepesi ya kuharibika. Unga wa salfa hali kadhalika. Urea na CAN zisigusane hata kidogo; zikichanganyika huvuta maji ya hewani zikawa uji, na wenye chama watakuuliza fedha zao zimekwenda wapi.

Magunia yasilale juu ya sakafu. Yapangwe juu ya vichanja vya mbao safi visivyolowa mafuta, yaache nafasi na ukuta mtu apite, yasifike darini, wala taa ya umeme isiyakaribie. Lori lisiachwe linanguruma ndani ya ghala. Betri isichajiwe humo. Fundi wa kuchomelea akija kutengeneza mlango, mbolea itoke kwanza, au mlango utoke uende kwa fundi; hapana njia ya tatu. Mbolea ikimwagika, wengi wetu hutupa vumbi la mbao juu yake ndipo tukafagia, kama tufanyavyo mafuta yakimwagika. Hilo ni kosa kubwa, kwa maana mmeichanganya na kuni kwa mikono yenu wenyewe. Ifagieni kavu, kwa koleo safi, muitie katika gunia lake peke yake, na gunia hilo lisirudi katika fungu.

Mbolea ikiganda isivunjwe kwa nguvu za haraka. Nimeona watu wakiipiga kwa nyundo ya kupasulia mawe, na mmoja akitaka kuiotesha moto iyeyuke. Iangusheni chini polepole ikiwa katika gunia lake, au ivunjeni kwa rungu la mti. Tena tafuteni sababu ya kuganda kwake, maana ni dalili ya maji yanayoingia.

Avaliavyo mpagazi ni jambo tunalolipuuza kuliko yote. Tunamwona akibeba gunia begani kifua wazi, jasho likimtoka, na vumbi la mbolea likimnata. Apewe shati la mikono mirefu, glovu, na miwani ya kukinga macho anapofanya kazi penye vumbi. Gharama yake ni ndogo kuliko gunia moja. Na magunia matupu yasiuzwe kwa akina mama kwa kuwekea unga au mahindi. Najua huuzwa. Najua pia nani huyauza. Ng'ombe nao wasikaribishwe. Hupenda kulamba mbolea wakidhani ni chumvi, na urea kidogo tu yatosha kumwua ng'ombe kabla ya mwenyewe kufika.

Sasa, moto ukitokea. Ukiwa mdogo, nao haujaifikia mbolea, zimeni upesi kwa maji mengi. Mkiona moto umeshika mbolea, au moshi wa kahawia unatoka, kazi yenu ya kuzima imekwisha. Tokeni. Waondoeni majirani, upande ule utokako upepo, mbali sana, wala msimwache mtu asimame kutazama. Msiingie kuokoa daftari.

Nalo daftari ndilo neno langu la mwisho la kazi. Tume iliyochunguza msiba wa West ilionyesha ya kuwa wale wazima moto hawakuwa wamefundishwa vya kutosha juu ya hatari ya mbolea waliyoikabili usiku ule. Walikuwa mashujaa, na ushujaa wao ulikosa habari. Kwa hiyo hesabu ya vitu vilivyomo ghalani, namna gani na tani ngapi na upande gani, iandikwe mara mbili. Nakala moja ikae ghalani, ya pili ikae nje, kwa chifu au kituo cha polisi au kwa zimamoto wa kaunti ikiwa wako karibu, na ibadilishwe kila lori linapokuja. Waalikeni watu hao siku ya amani waje walione ghala, wajue mlango uko wapi na maji yako wapi. Tena mnapopewa kiwanja cha ghala jipya, tazameni mbele miaka 50: shule itajengwa wapi? Na mtu akija kujenga karibu nanyi, mwambieni kweli ya mnachokiweka, hata kama mngependa awe mteja.

Kampuni ile ya West ilikuwa na bima ya dola milioni 1 ya kuwalipa watu wengine watakaodhurika. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 230. Makatibu wa vyama nawaomba wachukue karatasi zao za bima leo jioni wazisome, hasa yale maneno madogo ya chini.

Bwana Mwenyekiti, maswali nitayajibu tukiwa nje, kwa kuwa mmeniruhusu niwaonyeshe ghala la chama hiki. Nilipita humo asubuhi kabla ya mkutano. Karani alinipokea vizuri sana, na nilipotoka nilimwona kwa pembe ya jicho akiviringisha pipa moja kutoka nyuma ya mlango, akilipeleka chini ya mwembe.